Baba Karudi kwenye Gitaa

Mwenzangu uliyeoa, nisikilize kabla hujateremsha kitu chochote kutoka juu ya kabati la chumbani. Wewe unaona vumbi, sanduku la nguo na kapu la harusi. Mwenye nyumba, na hapa simaanishi wewe, anaona hazina ya taifa. Mimi niliigusa mchana kweupe, na faini yake nailipa hadi leo.

Kwanza nikutajie wananchi wa nyumba yenyewe, maana bila ya wao kisa hiki hakina mbele wala nyuma. Tunakaa Makunduchi, upande wa Kajengwa, si mbali na pale panapofanywa sherehe ya Mwaka Kogwa. Kila Julai watu hutoka mjini na Ulaya kuja kutazama wanaume wazima wakichapana kwa mashina ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiwatoke. Kibanda cha makuti kinatiwa moto, kina mama wanaimba, halafu kila mtu anakwenda kula. Ugomvi wa mwaka mzima unamalizwa siku moja. Nyumbani kwangu hatuna migomba, na nafikiri ndiyo sababu wetu haumaliziki.

Mke wangu namwita Waziri wa Fedha. Ni mkulima wa mwani, na ni kijumbe wa upatu wa kina mama wenzake wa mwani, kazi anayoifanya kwa ukali wa kutisha. Mama yake, mkwe wangu, anakaa nasi. Yeye ni Redio Mbao, jina ambalo mwenyewe halijui, na nakuomba ukikutana naye usije ukaropoka. Shemeji yangu ni Mtaalamu: anatembeza watalii Jambiani, na hakuna asilolijua duniani isipokuwa siku ya kurudi kwake. Mila ya kwetu inataka kila nyumba iwe na mgeni siku ya Mwaka. Yeye alikuja kuitimiza mila hiyo, na bado anaitimiza. Wapo na watoto. Mkubwa ni Hakimu, msichana wa kidato cha tatu, hukumu zake hazina rufaa. Mdogo ni Mpelelezi. Hakuna kitu kilichofichwa ndani ya nyumba hii asikipate, ila kimoja tu, na hicho ndicho kilichoniponza.

Sasa gitaa. Kabla sijaoa nilikuwa mjini nikipiga rithim katika bendi ya vijana. Bendi ya dansi, unajua mwenyewe, huwa na gitaa la solo, solo la pili, rithim na besi. Mpiga solo ndiye anayepigiwa vigelegele na kubandikwa noti kwenye paji la uso. Mpiga rithim husimama nyuma, karibu na feni, anapiga kodi zile zile tatu tangu saa tatu za usiku mpaka watu watawanyike, na hakuna anayejua kuwa yupo mpaka siku asiyokuja. Baba wa nyumba naye ndivyo alivyo, lakini tuliache hilo.

Nilipopeleka posa, jawabu lilirudi na sharti. Mkwe wangu alisema binti yake hawezi kula nyuzi. Nikachagua ualimu wa hesabu, nikaoa, na gitaa likapanda juu ya kabati, limefunikwa kanga kuukuu gubigubi. Tulipohama nyumba lilihamishwa pamoja na kabati lake, na lilipofika likarudishwa pale pale juu.

Kilichoniamsha ni redio, ile ya betri. Usiku mmoja walipiga Morogoro Jazz, na Mbaraka Mwinshehe akaingia na solo lake. Mtu huyu alizaliwa 1944 na akafariki kwa ajali ya gari huko Kenya mwaka 1979, hajatimiza hata miaka 35, na katikati hapo alishafika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya 1970. Mimi umri huo nimeshaupita zamani, na mbali nilikofika ni Pemba, kwenye semina ya walimu. Nikatazama chini nikaona mkono wangu wa kushoto umekamata mguu wa meza, vidole vinabana kodi ya C.

Nikatangaza wakati wa chakula cha usiku: narudi kwenye gitaa.

Hakuna aliyesema kitu. Waziri aliendelea kuchambua changu. Redio Mbao alinitazama kwa muda, kisha akaomba pilipili. Nikadhani nimepita bila ya kupingwa. Mtu aliyeoa siku nyingi alipaswa kujua kuwa kimya katika nyumba yake ni kikao kinachoendelea bila yeye.

Hebu tusimame kidogo kwenye swali lenyewe, maana pengine na wewe unalo chombo ulichokiacha ujanani. Mtu anarudi, aanze na nini? Anayeanza moja kwa moja kutoka sifuri ana raha yake, hajui anachokikosa. Anayerudi ana masikio ya mpiga bendi na vidole vilivyoshika chaki miaka yote. Anajua vizuri sauti inayotakiwa, na inayotoka ni nyengine. Sugu za ncha za vidole zimeshalainika, kodi alizokuwa akizibana huku anazungumza na mtu sasa zinamtoa machozi. Juu ya hayo hana subira, anataka kuanzia pale alipoachia.

Nikachukua daftari nikachora ratiba. Hesabu zimenizoesha hivyo, kujumlisha kabla ya kugawa. Kwanza kutyuni, yaani kuzilinganisha nyuzi. Pili kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Tatu skeli, ule upandaji na ushukaji wa sauti moja moja. Nne kusoma nota. Mkono wa kulia niliuandika chini kabisa, kwa sababu nilijiona ninao.

Usiku wa pili kikao kikawa wazi. Mtaalamu akasema kuanza na kodi ni mambo ya kizamani, siku hizi watu wanaanza na skeli, yeye ameona kwenye simu. Nikamuuliza ameshawahi kushika gitaa. Akasema mtu hana haja ya kushika papa kujua kuwa ana meno. Hakimu akatoa hukumu: kodi tatu zinatosha, halafu nyimbo, basi. Akaleta na ushahidi. Skuli yao waliwahi kwenda mjini, kule Shangani kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946. Chombo chake kilikuwa piano, na gitaa mwenyewe alikiri kuwa halijui. Lakini mwaka 1979 alikamata gitaa akatunga "Crazy Little Thing Called Love" kwa kodi chache alizokuwa nazo, na akasema uchache huo ulimsaidia asitange na njia.

"Kwa hiyo, baba," akasema Hakimu, "kama Freddie hakuwa na skeli, wewe skeli za nini?"

Mpelelezi alipendekeza tuanze kwa kulipaka rangi nyekundu. Waziri wa Fedha alisema mimi nianze kwa kutia fedha ya Tukuza, umeme unakaribia kukatika. Redio Mbao hakusema kitu, na hilo peke yake lilitosha kumtia hofu mtu mwenye akili timamu.

Lilipofika bamvua, Waziri akaondoka alfajiri na wenzake kwenda mwani. Kama hujawahi kuiona kazi hiyo, ni ya kuinama. Kilimo hiki kilianza kwa biashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo pwani yetu ya mashariki imejaa vijiti vilivyochomekwa kwenye mchanga na kamba zilizotandazwa baina yake. Kina mama wanafunga mbegu moja moja kwa vikamba vya taitai, maji yakiwa magotini, jua liko mgongoni. Wakirudi vidole vimechubuka na kugeuka ngozi ya kiatu. Kumbuka vidole hivyo, nitavirudia.

Basi nyumba tupu, mimi likizo. Nikapanda kiti, nikashusha gitaa, nikalivua kanga. Hali yake, ndugu yangu! Chumvi ya bahari haina huruma na chuma, nyuzi zimekula kutu zimegeuka rangi ya chai. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, haupo kabisa. Baadaye Mtaalamu alikiri kuwa yeye ndiye aliyeuchomoa, akaukatakata vipande vya kuzibulia jiko. Kile kibao kinachoshikilia nyuzi kwenye tumbo kimeanza kubanduka. Nikalitikisa, ndani kukawa na kitu kinachochakacha. Nikasema hizi zitakuwa karatasi zetu za bendi, au mende wamehamia. Nikalifunga kwa kanga ile ile, nikapanda gari namba 310 kwenda mjini, gitaa nimelipakata mapajani na abiria wa pembeni akinipa pole, kadhani nampeleka mtoto hospitali.

Mjini yupo fundi wa udi, kibanda chake kimejificha ndani ndani ya Mji Mkongwe, ukipotea mara ya kwanza ndiyo umefika. Sitamtaja, kwa sababu utakazoziona. Alilipokea gitaa kwa dharau iliyo wazi. Kwake yeye chombo ni udi, na alinieleza sababu nikiwa nimesimama mlangoni jua linanipiga. Shingo ya udi ni tupu, kidole kinateleza mpaka kinapoipata sauti kinayoitaka, pamoja na zile robo za sauti ambazo maqamu ya Rast au Bayati hayawezi kuishi bila yake. Gitaa limetiwa vyuma shingoni, vimeigawa sauti mafungu kumi na mbili yaliyo sawa, na kilichoangukia baina ya chuma na chuma huna njia ya kukipata. Ndiyo maana, akasema, Ikhwan Safaa, wale wa taarabu, tangu 1905 nguzo yao ni udi na kanuni na fidla. Nikamwambia mimi nilipiga dansi. Akasema ndiyo, anaona.

Lakini ni fundi kweli. Aligonga tumbo la gitaa kwa kidole, akasikiliza, akanionya kuwa nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, na mbao iliyozeeka namna hii itang'oka kibao chote. Tutie za nailoni, zinavuta kwa upole zaidi na kutu hazijui. Hizo zamani zilikuwa utumbo wa mnyama. Utumbo ulipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndipo fundi mmoja wa New York, Albert Augustine, akazitengeneza kwa nailoni, na mabwana wakubwa wa gitaa duniani wakahamia huko. Nikafurahi. Nikamwambia fanya unavyoona, nitarudi kulichukua. Nikaenda Darajani nikanywa urojo, nikarudi Makunduchi na moyo mweupe.

Magharibi, Waziri akaingia chumbani. Nilimsikia akivuta kiti. Halafu sikusikia kitu.

"Mwalimu."

"Labeka."

"Kabati limefanya nini?"

"Kabati si hilo hapo."

"Juu yake."

"Juu yake nimepasafisha."

Akashuka kwenye kiti taratibu, akakaa kitandani, akanieleza kwa sauti ya chini ambayo huitumia kwa misiba tu. Mle ndani ya gitaa mlikuwa na laki tisa za watu. Ndimo alimokuwa akiweka fedha za upatu miaka yote, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kusukumwa kwa kijiti hadi mwisho wa tumbo, kwa kuwa katika nyumba hii yenye Mpelelezi, Mtaalamu na mume, ilikuwa ndiyo sehemu pekee ambayo alikuwa na hakika hakuna atakayeigusa. Na kesho ndiyo siku ya kutoa.

Nikampigia fundi. Simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Kutoka uani nikasikia kanga zikifutikwa. Redio Mbao alikuwa ameshatoka kwenda kwa jirani kuomba chumvi, ilhali chumvi ilikuwa tele. Nakuhakikishia sala ya isha haijaadhiniwa na Kajengwa yote imeshapata habari. Ilipofika alfajiri habari ilikuwa imeshakua na kuota ndevu. Wa mwanzo walisema nimeuza gitaa. Waliofuata walisema nimeuza gitaa pamoja na fedha. Tulipopanda gari ya kwanza ya mjini, Waziri, mama yake na mimi, kuna bibi mmoja aliyemshika mke wangu mkono kwa huzuni akamwambia avumilie, Jambiani si mbali, na mke mwenza wakati mwengine huwa baraka.

Fundi alifungua kibanda saa nne, anatafuna mkate wa mofa, ana bashasha. Gitaa lilikuwa limening'inia ukutani, limetengenezwa likatengenezeka. Kibao kimegundishwa, shingo imenyooka, vanishi mpya inang'ara mpaka unaiona sura yako, nyuzi nyeupe zimekazwa. Na ndani ya mtoto wa meza akatoa mfuko wa plastiki, akamkabidhi mke wangu kwa adabu kubwa. Waziri akahesabu. Akahesabu tena. Laki saba na nusu.

"Nilikuta fedha ndani," akasema fundi, "nikasema huyu mwalimu mstaarabu, katanguliza malipo. Nimekata zangu, zilizobaki ndizo hizo. Na vanishi nimempunguzia."

Utamwambia nini? Kwa mtazamo wake alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Mwengine angekuuliza fedha gani. Waziri alinitazama mimi, na Redio Mbao akasema neno lake la kwanza tangu Makunduchi: "Basi laki na nusu ya upatu imeingia ndani ya gitaa. Gitaa la upatu hilo."

Nilidhani ni kejeli. Mchana wake kina mama wa mwani walikaa kwenye baraza yangu, wote, na yule ambaye zamu ya kupokea ilikuwa yake amekaa katikati na mikono kifuani. Mshahara wangu ulikuwa bado wiki kadhaa. Walinisikiliza kwa heshima, wakaniita mwalimu, wakanipa na kahawa, kisha wakapitisha azimio: hadi deni litakapolipwa gitaa litakuwa mali ya upatu, na litapigwa kwa zamu. Mwenye zamu atafundishwa na mwalimu. Nikauliza mwalimu gani. Wakacheka sana.

Mwanafunzi wangu wa kwanza akawa mke wangu. Nilianza na kutyuni, kwa mujibu wa daftari, na hapo sibadilishi kauli: nyuzi zikiwa hazijapatana, hata ukibana kodi sawasawa masikio yatakuambia umekosea, nawe utaanza kurekebisha vidole visivyo na makosa. Hakimu alinitilia programu kwenye simu, unapiga uzi inakuambia uko wapi, imepimwa kwa ile LA ya mitetemo 440 kwa sekunde. Ikasikia kila kitu isipokuwa gitaa. Iliniarifu kuwa jogoo wa jirani anawika SOL, kidogo chini. Nikaitupa, nikarudi kwenye njia ya bendi: uzi mnene ubanwe kwenye chuma cha tano ndio utoe sauti ya uzi unaofuata, na hivyo hivyo kuteremka, ila uzi wa tatu ndio unaobanwa kwenye chuma cha nne. Sikio likishauzoea mwendo huo umeshapata nusu ya elimu, na hauhitaji betri.

Kisha kodi. Kwa roho mbaya, nakiri, nikampa ya F. Anayejua gitaa anaijua F: kidole cha shahada kinalala kibana nyuzi zote sita, na vyengine vitatu vinafanya kazi yao mbele. Ndiyo iliyowarudisha vijana wengi kwenye mpira. Mimi mwenyewe, tangu gitaa lirudi, F yangu ilikuwa inatoa sauti ya mlango mbovu. Waziri akaangalia ninavyoweka vidole, akaweka vyake, vile vidole vya taitai na kamba na maji ya chumvi, akapiga. Ikatoka F safi, nyuzi zote sita zinalia.

"Ndiyo hii inayokutoa machozi?" akaniuliza.

Mtaalamu alikuwa mlangoni na simu, anarekodi.

Lakini aliyenimaliza ni mkwe wangu. Zamu yake ilipofika nilitaraji atakataa, na hoja za dini ningezielewa. Sisi hapa ikiadhiniwa tunanyamaza, na Ramadhani gitaa halifunguliwi. Alikuja amejitanda kanga vizuri, akakaa mkekani, akasema yeye gitaa halitaki, anataka niguse mimi. Nikapiga kodi zangu tatu. Akanisikiliza huku ametia uso mbali, kisha akaagiza aletewe vijiti viwili kutoka jikoni, akaanza kugonga.

Mwenzangu, yule mama alikuwa mpiga mkwasa. Miaka hiyo ya usichana wake alikuwa na kundi la kidumbaki, wakipiga harusini, fidla moja, vidumbaki viwili, sanduku la besi lenye uzi mmoja na kijiti, na yeye na mkwasa wake ndiye aliyeshikilia kundi zima lisikimbie. Kidumbaki si mchezo. Wanachukua nyimbo za taarabu wanazitia mbio ili kina mama wacheze, na akipotea wa mkwasa harusi imepotea. Huyu ndiye aliyesema mwanawe hawezi kula nyuzi! Nilipomuuliza, alisema alijua anachokisema, yeye mwenyewe alikula hizo nyuzi na hazikumshibisha.

Akaniamrisha nitoe mkono wa kushoto kabisa, niuweke mapajani. Nipige kwa kulia tu, chini juu, chini juu, bila ya kodi yoyote, nikifuata vijiti. Nikakosa, nikasimama ili nirekebishe. Akanipiga kijiti cha mguu, polepole lakini kijiti. "Mkono usisimame. Ukikosa, kosa na uende." Hayo aliyarudia mpaka jasho likanitoka, mimi niliyejiona ninao mkono wa kulia. Na nilipoambiwa sasa tia kushoto, kodi mbili tu, C na G, nibadilishe kijiti kinapogonga na hata kidole kisipofika kwa wakati mkono uendelee, gitaa likaanza kusema maneno niliyokuwa nimeyasahau. Mpelelezi akasimama kucheza. Akacheza na Hakimu, ambaye rasmi hachezi.

Usiku ule nikafungua daftari nikaifuta ratiba. Kiongozi wetu wa bendi alikuwa akitusimulia habari za Mwenda Jean-Bosco, yule Mkongo aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi hivi sasa. Kidole gumba na cha shahada, hivyo tu. Gumba linatembea na besi, shahada inachezea juu, na asiyemwona akaapa kuwa ni magitaa mawili. Tulizoea kuisimulia kwa ajili ya mshangao. Hakuna hata mmoja wetu aliyetanabahi kuwa ile ilikuwa habari ya mkono wa kulia. Skeli nazipenda, na Mtaalamu asije akadhani nimemdharau, lakini skeli isiyo na mkono wa kulia ni kupanda ngazi na kushuka bila kuingia nyumba yoyote. Nota nimezihifadhi kwa uzeeni. Anayezitaka sasa hivi, mjini kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu 2002, aende huko wamfundishe ipasavyo.

Deni la laki na nusu nililipa mshahara ulipotoka, mbele ya mashahidi, na Waziri akaandika kwenye daftari lake. Nikauliza kama sasa gitaa limerudi kwangu. Wakasema la, wameshazoea. Upatu wenyewe umepata jina, na kina mama wengine wawili wameomba kuingia kwa sababu ya gitaa tu, mmoja anashika F vizuri kuliko mke wangu. Fedha zimehamishwa mahali pengine. Sijui wapi, na naomba Mungu nisijue.

Kwa hiyo ratiba ya sasa ndiyo hii. Jumamosi hadi Jumanne ni kina mama, bamvua likiwa kubwa wanasogeza. Alkhamisi Hakimu, Ijumaa halipigwi. Mimi ni Jumatano, baada ya isha mpaka Waziri aseme basi. Ukipita Makunduchi siku hiyo karibu sana, uliza nyumba ya mwalimu wa hesabu, na kama unazo nyuzi za nailoni niletee ule mwembamba wa kwanza, maana tulionao Mpelelezi ameshaupima kwa jicho na anasema utamfaa kwa kuvulia changu.